Neno la Ripoti

Dakika ya sitini na moja, kiwanja cha Limbani, Wete,
Asaa alimvaa Haroub
na mkono wake ukapanda.
Hilo hakuna anayelibisha.
Nikapuliza, nikatoa kadi ya njano. Mvua ikashuka,
tukakimbilia barazani kwa skuli
na huko ndiko mechi ilikochezwa.

Shaame, wa mstari wa kushoto:
"Andika kamkaba."
Mbarouk, wa kulia, kibendera kingali kwapani:
"Kukaba ni kumlinda mtu asipate mpira.
Hata kwenye kandanda watu hukabana
kisha wakapeana maji. Andika kampiga kabari."
"Kabari ya kupasulia kuni."
"Na ya shingo je?"
"Ya shingo ni roba."
"Roba ni ya vichochoroni, usiku, na simu ishakwenda."

Kitabu cha sheria kinasema: juu ya mstari wa mabega.
Mabega yepi, akauliza Mbarouk,
na Haroub alikuwa kainama kama atafutaye sindano?
Mtu aliyeinama vile
ukimwendea kiuno umekwisha mkuta kichwa.

Na maneno tunayo, Mungu hakutunyima:
ngwala ya mguu, kikumbo cha bega lisilo mikono,
kupamia, kubwaga,
kumnyanyua mtu ukampindua
kama shina la muhogo linalong'olewa.
Lakini fomu ina mstari mmoja,
na mvua imekatika, na watu wanataka kwenda kwao.
Nikaandika: kukaba.

Jumatatu, Bi Mize, mama yake Asaa,
akanikuta dukani napimiwa unga.
Hakunisalimu,
yeye ambaye husalimia mpaka paka wangu.
"Mwanangu mkabaji?"
Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi,
ikasomwa na wasiojua kama mpira wa raga una ncha mbili,
na kufika magharibi mtaa mzima unajua
Asaa wa Khatibu hukaba watu.

Sikuwa na jibu.
Sheria ina "kutojali", ina "hatari", ina "makusudi",
na kila moja na kadi yake,
ila neno likitoka kiwanjani halivui njumu.
Huingia majumbani vivyo hivyo, na matope yake.

Usiku nikaenda kwa Haroub.
Shingo kafungwa leso ya mama yake.
"Wewe unaliitaje?"
Akataka kugeuka, akaghairi.
"Nilimwona anakuja. Nikainama nimpite.
Yeye mkono keshaurusha.
Ukakuta shingo pahala pa kifua."

Asubuhi nikalikata lile neno kwa kalamu nyekundu,
nikaandika hayo yote, kama alivyoyasema.
Yakajaa mstari, yakamwagikia pambizoni,
yakapanda mpaka karibu na jina langu.

Shaame kayasoma, katikisa kichwa:
"Na Jumamosi, filimbi ikishalia,
utasimama uyahubiri yote haya?"

Jumamosi nilipuliza.
Mkono wangu ukapita mbele ya kifua changu,
ukapanda, ukasimama shingoni.
Mdomo nimeufunga.
Nyuma yangu namsikia Mbarouk:
"Hiyo nayo sasa inaitwaje?"