Kabla Sijakujua

Alikikuta chini ya boksi la nyuzi:
kikopo cha plastiki, vidonge vya njano,
vidogo kama vifungo vya shati la kichanga.
Mamamkwe akavimwaga kiganjani,
akavihesabu kama mtu anayehesabu deni.
"Kumbe ndiyo maana. Mwaka na nusu
mwanangu anapanda, wewe unang'oa."

Nje mvua ilikuwa inateremka na Kadutu nzima,
matope, maganda ya miwa, kandambili moja isiyo na mwenzake,
vyote vikishuka kuelekea ziwani.
Murhula yuko machimboni Kamituga.
Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Si dawa ya kuzuia, Mama.
Ni ya kumsubiri.

Nilitaka kumjibu kwa maneno ya muuguzi Cishugi,
ile Jumanne nilipomsindikiza wifi kituo cha afya:
ubaoni ASIDI FOLIKI, chaki imekatika mkononi,
benchi zima limejaa matumbo yaliyokwisha kujaa,
naye anasema, "Nyinyi endeleeni kumeza,
ila kazi hii huanza kabla."
Nikauliza, kabla ya nini?
Akanitazama mimi niliyekuja mtupu.
"Kabla hujamjua."

Lakini mama wa mume hafundishwi kwa chaki.
Nikachukua kipande cha kitenge,
nikakitandaza mezani.
Mgongo wa mtoto huanza hivi, nikasema, bapa.
Halafu kingo mbili zinainuka, zinatafutana,
zinakutana, zinajifunga kwenda juu na kwenda chini
kama zipu yenye vichwa viwili.
Siku ishirini na nane tangu mimba itunge, imekwisha.
Siku ishirini na nane! Na mimi hapo
bado naisubiri damu yangu,
bado nasema ni uchovu, ni ile samaki ya jana.
Uzi ukipungua siku hizo
hakuna fundi wa kufumua na kurudia.

"Na majani? Sisi tulikula sombe,
tulikula lengalenga mpaka meno yakawa kijani."

Yanao, Mama, na maharage yanao.
Ila sombe tunaitwanga, tunaichemsha
tangu jua liko upande wa Rwanda hadi limetuvuka.
Moto unakula kwanza, sisi tunakula baadaye.

Akanyamaza. Mvua ikazungumza peke yake.

"Wa tatu," akasema.
"Wa tatu wangu, kule Kaziba, msimu wa maharage mabichi.
Uso mzuri. Kucha zote. Ila mgongoni, hapa..."
akaweka kidole juu ya kitenge,
pale pale nilipoacha kingo hazijagusana.
"Siku nne. Walisema nimeruka kaburi.
Walisema ni ulimi wa shemeji.
Hata jina hawakuniacha nimpe.
Miaka thelathini na sita natafuta kosa langu usiku,
kumbe ni uzi?"

Sikuwa na ndiyo ya kumpa.
Cishugi mwenyewe alisema: inapunguza, haiapi.
Wapo wanaomeza, bado wakalia.
Pengine, Mama, nikasema. Pengine.
Lakini kosa, hapana.

Akarudisha vidonge kikoponi, kimoja kimoja,
safari hii bila kuhesabu.

Tangu hapo, alfajiri, kabla muuza mkate hajapita,
anagonga dirisha langu kwa pete yake.
Hasalimu. "Umemeza?"
Nimemeza.
Anakwenda zake.

Nawe ambaye bado si habari,
ambaye hata baba yako hajui anakurudia Jumamosi
na kilo ya mchele na matope ya mgodi kwenye buti,
vimebaki kumi na kimoja.
Bibi yako amekataa nisiende.
Anazipanda ngazi zile mwenyewe, goti lake likilalamika,
noti mbili zimefungwa kwenye pindo la kitenge,
kukununulia mgongo.