Ya Kusukuma, ya Kuvuta

Bei baadaye, Ndelilio. Kwanza nipe tochi.
Gari lako limeunguza klachi kwenye vumbi la Monduli,
harufu yake imefika hapa Unga Limited
kabla ya kamba iliyolivuta.

Binti wa duka la spea, Dar, ameuliza kwenye simu
swali moja tu: ya kusukuma, au ya kuvuta?
Ukamjibu: ya turbo.
Alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Muuzaji alikwambia ni ileile ya kiwandani.
Muuzaji!
Yule aliyepaka bluu juu ya kutu,
akaapa kilomita zile ni za kweli.
Gari la mashindano halina cheti cha kuzaliwa:
limebadilishwa figo, limepandikizwa moyo,
giaboksi ya huyu, injini ya yule.
Ukisoma mwaka kwenye kadi
unalia msiba wa jirani.

Iangalie ile pleti ukutani, juu ya kalenda ya saruji.
Haijaonja flaiwili hata siku moja.
Niliiagiza kwa kujiamini, ikaja na basi la usiku,
nikashusha giaboksi, nikaisogeza,
meno yake na ya shafti hayakusalimiana.
Mapato ya miezi miwili.
Sasa nimeitia mishale, inanionyesha saa.
Inachelewa dakika sita.

Na Lomnyaki huyu, mwulize.
Aling'ang'ania injini kwa winchi, ikagoma,
akaita wanaume wanne, wakavuta kwa wimbo.
Kumbe haikuwa kiburi:
beringi ilikuwa bado imeukumbatia uma,
kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni
aliyeshika kanga ya mama.
Uma ukapinda.
Hatutaji bei yake hapa gereji, ni mwiko.

Haya, lala kwenye kadibodi. Oili haiumi.
Pale shingoni, injini inapokutana na giaboksi,
uma umetoa ulimi nje ya mpira, unauona?
Lomnyaki, kanyaga pedeli. Taratibu.
Umerudi nyuma.
Sasa usirukie kusema umejua!
Ya kusukuma hurudi hivyo, ya kuvuta hurudi hivyohivyo,
nje zote mbili ni pacha,
na hapo ndipo mafundi wa maneno huagiza
halafu wakatundika saa ukutani.

Mwendo hudanganya. Tafuta egemeo.
Ile ya kusukuma, uma wake umekalia kichwa cha msumari,
huko ndani, gizani, hakuna dalili.
Ya kuvuta, uma umechomekwa pini kutoka ubavuni,
na pini ina mlango wake.
Pitisha mkono. Chini ya waya. Zaidi.
Kuna nini?
Udongo. Ndiyo, ni wako huo, wa Jumamosi.
Piga brashi na petroli.
Zungusha kidole kama unayehesabu kwenye giza:

pembe moja, mbili... sita.

Kizibo.
Na mtu amewahi kukifungua, kingo zimelika,
fundi mwenye haraka, au mwenye spana isiyo yake.
Hatutamjua.
Ya kuvuta, Ndelilio. Mpigie.

Eti?
Anauliza tena? Anataka nini?
Ya kawaida, au ya vipande vya shaba.

Ah. Hapo mimi nazima tochi.
Hilo halimo kwenye chuma, hata nikikishusha chote.
Ya shaba inashika kama mdai,
haiungui hovyo, haitelezi,
ila kwenye foleni ya asubuhi gari litaruka kama mbuzi
na mkeo atashuka aende kwa miguu.
Hesabu mwenyewe:
Jumamosi ngapi kwa mwaka unashindana,
asubuhi ngapi unampeleka mtoto shule kule Njiro?

Fikiri tu, simu ni yako, vocha ni yako.
Nisogezee kile kitambaa.
Hicho, siyo hicho, hicho ni shati la Lomnyaki.