Baada ya Ukurasa wa Mwisho

Riwaya niliyokuwa nayo iliisha juzi,
saa saba usiku, Nkuhungu,
mbwa wa jirani akiubwekea upepo.
Watu wote wa kurasa mia tatu waliondoka kwangu pamoja,
bila kuaga, kama waombolezaji siku ya kuanua tanga.
Jana nimeshona sare kumi na mbili za shule
na kila kola niliyoigeuza haikuwa na mtu ndani.

Leo Jumamosi. Nimefunga cherehani mapema,
nimekuja Sabasaba kwa Chilongani,
anayetandika turubai kati ya viatu vya mtumba na nyungo za karanga
na kuvikandamiza vitabu kwa mawe,
maana upepo wa Agosti hapa unasoma haraka kuliko watu:
unafunua, unafunua,
haukumbuki kitu.

"Unataka cha aina gani, fundi?"
Nami huwauliza hivyo hivyo wateja, na hawajui,
wanaonyesha kwa mikono tu:
kiwe hivi, hapa kibane, hapa kilegee.

Nimeshika cha upelelezi. Maiti ukurasa wa pili.
Nawajua hawa, muuaji ni yule mpole anayeleta chai.
Ila kurasa za mwisho zimenyofoka,
na Chilongani anakiri amekiuza mara tatu
na mara tatu kimerudishwa kwa matusi.

Nimeshika cha mapenzi. Jalada limepauka,
bwana amebaki shati, bibi amebaki midomo.
Hapana. Wangu yuko Manyoni na lori la kokoto,
hupiga simu kwa salio la kuazima.
Sihitaji mwingine wa kumngoja.

Cha historia ni kizito kama debe la uwele.
Nimekipima mkononi, nikaona humo mna kifuku kizima na kiangazi chake,
nikakilaza taratibu,
kama mtoto wa watu aliyepitiwa na usingizi.

Na hiki chembamba? Mashairi.
Nimesoma ubeti mmoja nimesimama, jua utosini,
nikakifunga upesi kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu
akakuta mtu.
Siku nyingine. Siku nitakayokuwa na nafasi ya kuumia.

Tamthilia sitaki.
Sauti saba nitazitoa wapi peke yangu,
na Mama Sechelela, mwenye nyumba,
anasikia hata sindano ikidondoka?

Nilikuwa nageuka niondoke.
Chini ya jiwe la mwisho, jembamba kuliko yote,
kijitabu cha ufugaji nyuki,
muhuri wa chama cha ushirika kilichokwisha kufa,
na pembeni mwa kurasa, kwa penseli, mwandiko umelala kushoto:

*Mzinga wa kwanza, wapo. Wa pili, wapo, wakali.*
*Wa tatu kimya. Naogopa kufungua.*

Nikafunua.

*Mzinga wa tatu bado kimya. Nyendo anasema niuache.*

Nikafunua tena. Maelezo ya bomba la moshi. Mchoro wa malkia.

*Nimelala karibu nao. Kama nimesikia kitu.*

"Hicho si cha kusoma," Chilongani akasema,
"hicho cha kufanyia kazi."
Nikampa elfu moja na ahadi ya zipu,
ile ya suruali yake ya kanisani.

Sasa ni usiku. Nimejifunza kwamba moshi uwe baridi,
kwamba mtu asiwaendee na harufu ya kitunguu,
kwamba kundi lililopoteza malkia hulia sauti yake lenyewe.
Penseli inaishia ukurasa wa arobaini na moja,
katikati ya sentensi:

*Leo alfajiri nimeinua mfuniko na*

Zimebaki kurasa sitini, safi, hazijaguswa na mtu.
Nimeweka kipande cha uzi mwekundu pale alipoachia,
nimezima taa.

Sina nyuki. Sina hata mti wa kutundika mzinga.
Kuna kitu kinanguruma ukutani.
Ni friji ya Mama Sechelela, najua.
Nasikiliza tu.