Chuma Kimekaa

Kwanza ilikuja karatasi, imebandikwa mlangoni kwa plasta ya kidonda:
"Jirani wa ghorofa ya saba, naoka mikate ya Perm usiku kucha.
Mimi nikilala, ndipo wewe unaanza kuangusha vitu.
Tafadhali. Marfa Ignatievna, ghorofa ya sita."

Siangushi, niliuambia mlango. Naweka.
Lakini kilo ishirini na nne, hata uziweke kwa adabu,
zina neno lao na sakafu.

Girya hii baba aliisubu kiwandani, ng'ambo ya mto Kama:
tumbo la mviringo, mkono mnene, rangi imechubuka.
Miaka thelathini na mmoja nimeibeba kila asubuhi
kama mtu anayebembeleza mtoto asiyekua.
Nyonga nyuma, nyonga mbele, hadi usawa wa kifua,
na pale juu, kwa nusu ya pumzi,
chuma kinasahau uzito wake.
Kinaelea. Nami naelea nacho.

Binti yangu Ustinya akanitumia bahasha.
Bahasha! Ukumbi mzima wa mazoezi umekunjwa kama soksi:
mikanda mitano ya mpira, njano, nyekundu, kijani, buluu, nyeusi,
inanuka duka la viatu.
Nikacheka. Nikaiweka kando, ije ifungie nyanya kiangazi.

Karatasi ya pili ilikuja na plasta mbili.

Wa njano niliuvuta kama napiga mwayo.
Wa buluu niliukanyaga kwa miguu yote, nikainama,
nikanyanyuka kwa nyonga kama nilivyozoea,
nikakwama njiani,
baba akinitazama kutoka ukutani.

Kumbe chuma ni mtu wa neno moja:
kilo zake sakafuni, kilo zake kifuani, kilo zake hata Jumapili.
Mpira mwanzo unakuchekea,
katikati unakuuliza kama una hakika,
na mwisho, pale pale chuma kiliponipa ile nusu ya pumzi,
unadai deni lote pamoja na riba.
Kurudi nako kuna kazi: wenyewe unataka kukimbilia kwao,
wewe ndiye wa kuusindikiza polepole.

Nikaufunga kwenye bomba la joto. Bomba likalia,
na chini yangu mpini wa ufagio ukajibu.
Nikaufunga kwenye kitasa. Kitasa kikanijia
na skrubu mbili na kibanzi cha mlango;
ukanda ukanichapa paja, alama nyekundu kama ya mwanafunzi mtoro.
Tusi nililotoa siliandiki.

Nikakaa chini. Girya ilikuwa pembeni, koti limeiangukia,
siku kumi na mbili haijaguswa, ina vumbi begani.
Nikapitisha ukanda wa kijani katika mkono wake,
nikasimama juu yake, miguu kando, nikavuta.
Ilitulia.
Mara ya kwanza tangu baba aimimine,
inafanya kazi bila kuondoka ilipo.

Wanaosema ukikosa la mama hata la mbwa huamwa
hawajatoka jasho hili, dakika ya tisa, kimya kimya,
dirisha limeganda barafu kwa ndani.
Lakini sidanganyi. Ile nusu ya pumzi haipo.
Nimeitafuta kwa rangi zote tano.
Na viganja vyangu vinalainika kama vya karani.

Jana kengele ikalia. Marfa Ignatievna mwenyewe,
unga kwenye nyusi, bega la kulia limeshuka.
"Nilidhani umekufa," akasema.
Nikamwonyesha. Akaizunguka girya kama anayekagua ng'ombe.
Kisha akachukua ukanda wa njano, akaunusa,
akauvuta kidogo mbele ya kifua,
mara moja, mara mbili.
"Mwepesi," akasema, akautia mfukoni mwa aproni.

Ngoja, nikamwambia, ufike mwisho wake.