Safu Isiyokuwepo

Mimi karani, Nzega. Nachapa:
kuua kwa kukusudia. Maneno matatu, nukta.
Fomu haiulizi kwa nini Nyamizi Lugembe,
wala macho yake yalikuwaje:
mekundu, ndugu, kwa moshi wa samadi,
miaka sitini akipuliza mafigani
awapikie hao hao.

Wakili wa semina alisema ipo siku sheria itawataja:
kikongwe, mwenye ualbino,
kila anayewindwa kwa alivyo.
Hakimu akacheka kidogo. Kwani damu ina madaraja?

Sijui.
Najua jirani zake, vikongwe watatu,
tangu Jumanne wanalala na mgando mtupu.
Wanaogopa kuwasha moto.

Nimeshika kalamu. Pembeni mwa fomu,
pasipo na safu,
nimeandika: macho.