Mkanda Sivai Shingoni

Jina la kamera nimelifunika kwa utepe mweusi,
ule wa mafundi umeme, wa shilingi mia tano.
Inakaa ndani ya kikapu cha ukindu, chini ya mchicha.
Mchicha nanunua kweli. Jioni tunakula.

Mkanda sivai shingoni.
Niliuvaa mara moja, Mailimbili, saa mbili asubuhi;
kijana wa nyuma kwenye bodaboda akaunyaka
na nikaburutwa hatua saba.
Nilizihesabu. Sijui kwa nini nilizihesabu.
Mkanda ukakatika kabla ya shingo:
namshukuru fundi aliyeushona vibaya.
Tangu hapo nauzungusha kifundoni mwa mkono, mara mbili,
na barabarani natembea upande
ambao pikipiki zinanijia usoni.

Mengine nimefundishwa na Chiloleti,
muuza zabibu wa Majengo, mwenye sauti ya kufukuza nyuki:
"Salimia kwanza, mwanangu. *Mbukwenyi* haimalizi chaji.
Ukipiga kabla ya salamu, hujapiga, umeokota,
na cha kuokota kina mwenyewe."

Kwenye geti lenye bendera na mtu wa bunduki
kamera yangu inageuka mchicha.

Na upepo wa Agosti, ukiinua vumbi la Dodoma,
wote tunafumba macho:
mimi nafumba, mwizi naye anafumba.
Tofauti yetu ni nani atafumbua kwanza.
Nakumbatia kikapu hadi upite.

Hayo yote nilikuwa nayajua
Jumamosi ile, soko la Sabasaba,
mwanga ulipopenya tundu la bati
ukamwangukia mtu nyuma ya magunia ya alizeti
anamenya karanga, mapaja yamejaa maganda.
Nilisahau salamu.
Nilipiga tatu.

Hakupaza sauti. Alinyanyuka tu, maganda yakamwagika,
akanishika mkono, mkono uleule wa mkanda,
na ule mzunguko wangu wa usalama, mara mbili,
ukawa pingu.
Hata ningetaka kumwachia kamera nikimbie, nisingeweza.

Neno lilinijia mdomoni. Mnalijua.
Neno moja tu, mwizi,
na soko zima lingekuja na mawe na mipini ya majembe
bila kuuliza nani kaiba nini.
Nililiona neno lile likifanya kazi, mwaka juzi, Chang'ombe.
Nilipita kesho yake. Paliachwa kandambili moja.

Nikatazama vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka
kuliko vyangu.

"Futa, dada," alisema, pumzi inanuka njaa.
"Nadaiwa. Wale wa kausha damu.
Wanayo picha yangu ya harusi, wanaizungusha kwenye simu za watu.
Watoto wako Kongwa wanajua nipo mgodini.
Wakiniona hapa, kesho wanafika."

Nikalimeza neno. Lilishuka kavu, kama unga.

Tukainama pamoja juu ya kioo kidogo,
vichwa vinakaribia kugusana, kama ndugu wanaosoma matokeo.
Ya kwanza, uso. Nikafuta.
Ya pili, mikono, na mwanga ule. Mwanga ule jamani.
Nikafuta.
Ya tatu haikuwa na kitu: bega, na kona ya gunia.
"Hata bega?"
"Hata bega. Kiraka hicho kashona mke wangu."

Nikafuta bega.

Hapo ndipo aliponiachia,
na hapo ndipo nilipokumbuka. "Mbukwenyi," nikasema,
nimechelewa kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshaketi.
Akacheka kidogo, kwa pua.
Akanipimia karanga kikombe kimoja, akakataa hela.
Nikaiacha juu ya gunia, nikaiwekea jiwe, kwa sababu ya upepo.

Nyumbani, Ndahani aliutoa mchicha, umelegea,
akapekua hadi chini ya kikapu.
"Mama, leo umepata nini?"

Nikamwambia, karanga.