Nakala ya Dola Tano

Kila Jumatatu, saa tatu unusu,
Bwana Hudak hukung'uta theluji viatuni,
husukuma dola tano chini ya kioo changu
na kuomba wiki nzima ya Mtaa wa Kumi na Nane.
Mimi ni karani. Sheria ya mji yasema nimpe:
anwani, tarehe, saa, nani alipiga, alitaka nini.
Sauti simpi. Sauti haimo kwenye nakala.
Haumo mvumo wa friji nyuma ya maneno,
wala mtoto anayeuliza mbona mama yuko sakafuni.
Limo neno moja kwa herufi kubwa, FUJO,
na namba ya mlango: 3-B.

Si mtu mbaya, Bwana Hudak.
Krismasi huniletea mkate wa mbegu za popi
uliofungwa kwenye leso aliyopiga pasi mwenyewe.
Jengo lake alilinunua kwa miaka thelathini ya tanuri,
mapafu yake bado yana vumbi la chuma,
na barua ya mji ilimwambia wazi:
polisi wakiitwa mara ya tatu, faini ni yako.
Basi hutoa kalamu ya kijani, hupiga mstari,
hukunja karatasi, huitia mfuko wa ndani wa koti,
pale wazee wenzake wawekapo picha za wajukuu.

Migdalia Crespo alipiga mara mbili mwezi wa Novemba.
Mara ya kwanza ilikuwa bega.
Mara ya pili alisema "njooni,"
kisha, kwa sauti ya kukariri, "samahani, nimekosea namba."
Namba ile ina tarakimu tatu.
Hakuna anayeikosea.

Desemba alikuja kaunta na karatasi
iliyopenyezwa chini ya mlango wake alfajiri.
Akaibandika kwenye kioo, maandishi yakinitazama,
wino wa kijani:
*Bibi Crespo, mara moja zaidi, utahama.*
Aliniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi:
"Nani alimwambia?"
Nikaitazama printa.
Nikasema rekodi hizi ni za umma.
"Umma," akarudia,
kama mtu anayeonja mchuzi asiojua umetiwa nini.
"Umma ni nani? Mimi nimo?"
Nyuma yake foleni ikakohoa.

Januari 3-B haikupiga.
Februari haikupiga.
Bwana Hudak akasoma ukurasa mara mbili, akatabasamu,
akairudisha kalamu bila kuivua kifuniko.
"Unaona? Wametulia."
Kombe limefunikwa, apitaye na apite.
Na ni mimi niliyeupigia muhuri ukimya ule,
nikautia tarehe, nikausaini,
nikampa chenji yake.

Machi nilimkuta penye mashine za kufulia,
joto la vikaushio limewavua watu wote makoti
isipokuwa yeye.
Alikunja fulana za mtoto kwa mkono mmoja,
akiibana kola kwa kidevu,
mkono wa pili umelala mfukoni kama mgonjwa.
Alinitambua. Nadhani kwa miwani.
Nilitaka kusema kitu, nikahesabu sarafu zangu.
Soksi moja ndogo ilianguka, ya njano,
nikaiokota, nikampa.
"Asante," akasema.
Hilo ndilo neno pekee lake nisiloliandika popote.

Jumatatu iliyofuata nilichapa. Alilipa. Akaenda.
Theluji ya viatu vyake iliyeyuka sakafuni
hadi mfagiaji alipoipitia saa sita.

Jana usiku, kwa jirani yangu wa ukuta mmoja,
kitu kizito kilianguka, kikavutwa,
kikaanguka tena.
Nilisimama gizani, peku, simu mkononi,
kidole juu ya tarakimu ya kwanza,
na kabla sijabonyeza
nikajikuta nahesabu:
mwezi huu, mlango ule,
imeshakuwa mara ngapi?